Tumeumbwa tufanye nini? Jibu la mwosha maiti

Juzi baada ya isha tumekaa barazani hapa Mji wa Kale, Mombasa, kijana mmoja akanitupia swali nikaenda kulala nalo. Ustadh, Suratu Dhariyat aya ya 56 yasema majini na watu hawakuumbwa ila wamuabudu Mungu, sawa, lakini malaika si walikuwepo na wao hawachoki wala hawaasi, sasa sisi wa nini?

Mie kazi yangu kuosha maiti, mwaka wa 19 huu, na nafundisha vijana wanaotaka kujua. Kwa hivyo jibu langu latoka kitandani pa kuoshea kuliko vitabuni, mtanivumilia.

Swali lenyewe si geni, malaika walishaliuliza. Suratul Baqara aya ya 30, Mola aliposema ataweka khalifa, yaani msimamizi, kwenye ardhi wakasema, utaweka humo atakayefanya ufisadi na kumwaga damu, na sisi twakusabihi? Sasa isome tena polepole, manake hawakuambiwa binadamu ni mwema, hiyo damu haikukanushwa, waliambiwa tu Mimi najua msiyoyajua. Yaani kiumbe ajulikana toka mwanzo ataharibu na bado apewa dhamana. Dhamana ya nini?

Wiki iliyopita niliosha mzee mmoja mvuvi. Maji ya mwanzo huwa na majani ya mkunazi yaliyotwangwa, ya mwisho twatia karafuu maiti, yaani kafuri, kidogo, upande wa kulia kwanza halafu kushoto, na muda wote kuna kitambaa kimemsitiri toka kitovuni mpaka magotini, hata kama chumbani tuko watatu tu na yeye mwenyewe haya hazioni tena. Haki yake ya kusitiriwa haijafa. Nikafika mkononi, kidole cha shahada kina kovu refu kama mtaro, mshipi umemkata hapo hapo miaka yote, nikapitisha maji mara tatu na koo likanikaba. Mkono ule umelisha nyumba nzima, leo hauwezi hata kujigeuza mpaka mie niinue bega mwenzangu apitishe maji mgongoni.

Kuosha maiti ni fardhi kifaya, wachache wakifanya wengine wote wamepona, asitokee hata mmoja basi mtaa mzima una dhambi. Hebu litazameni hilo. Maiti asiye na mtu akikosa wa kumuosha, aulizwa muuza samaki, aulizwa mwenye duka, aulizwa imamu, hakuna wa kusema si ndugu yangu. Malaika hali, haugui, hazikwi, hana mwenziwe wa kumuinua bega. Sisi tunaye, na mie naona kuabudu kwetu kumefungwa hapo, kwenye huyu mwenzako asiyejiweza. Josho lako la kwanza ulikuwa mikononi mwa mkunga, la mwisho utakuwa mikononi mwa mtu kama mie, hapo katikati ndio twajidanganya kuwa twajitosha.

Na kuna jambo lanikera wacha niliseme. Jeneza likitoka kwenda makaburini Kikowani mabega hayakosekani, watu wapokezana njia nzima, thawabu ipo sikatai, kaburini kila mtu ateka mchanga mara tatu tukisoma minha khalaqnakum, kutoka humo tumekuumbeni. Lakini chumba cha kuoshea twabaki wazee wale wale wanne, vijana wasimama nje na simu wasema waogopa. Waogopa nini, babangu? Huyo ndiye aliyekuwa akikupa salamu jana.

Yule kijana nilimwambia haya yote hakunijibu kitu. Jumanne asubuhi msikitini kukatangazwa msiba, kufika nimemkuta mlangoni kashakunja suruali, aniuliza ndoo ya mkunazi ni ipi. Nikamuonyesha.