Domeni yako imeandikwa jina la nani?

Natengeneza tovuti za biashara, na wiki iliyopita nimeisikia tena dhana ile ile. Safari hii ilikuwa kwa mama mmoja mwenye nyumba za wageni kule Nyali, mtu makini, anayejua hesabu ya kila shuka na kila taulo. Tovuti yake ilikuwa imezimika siku tisa. Nikamuuliza, "Mama, domeni, yaani jina la tovuti yako, imesajiliwa kwa jina la nani?" Akanijibu bila kusita: "Ni yangu, mwanangu. Yule kijana nilimlipa pesa zote, hanidai hata shilingi."

Kati ya dhana zote ninazoletewa na wateja, hii ndiyo inayoniuma zaidi: kwamba ukishamlipa fundi wa tovuti, kila kitu ni chako. Kulipa ni jambo moja, kumiliki ni jambo jingine, na sisi watu wa Mombasa tulipaswa kulijua hilo kuliko wengi. Ni nani hapa asiyemjua mtu wa Majengo au Kisauni aliyejenga nyumba kwa jasho lake, mabati mapya, milango ya mvule, ilhali ardhi ni ya mwingine na kila mwezi anapelekea kodi ya kiwanja? Nyumba ni yake kweli. Lakini siku mwenye ardhi atakapoitaka ardhi yake, atabaki na mabati na milango.

Tovuti nayo ni vivyo hivyo. Kurasa zenyewe, yaani maandishi, picha na mpangilio, ndiyo nyumba. Seva, yaani kompyuta ambamo kurasa hizo huwekwa, ni nafasi unayoilipia kwa mwezi au kwa mwaka. Na domeni, lile jina ambalo wateja huliandika ili wakufikie, ndiyo ardhi. Kurasa zikiharibika zitajengwa upya. Seva ikikuudhi, utahamia nyingine. Domeni ikikutoka, kila ulipoandika jina hilo, kwenye kadi, kwenye bango la barabarani, ubavuni mwa gari, panaelekeza pasipo na mtu au kwa mtu usiyemjua. Na anwani zako za barua pepe zilizobeba jina hilo zinakufa siku hiyo hiyo.

Tena domeni hainunuliwi milele. Hukodiwa kwa mwaka mmoja au kwa miaka kadhaa kwa mkupuo, kwa .com kikomo ni miaka 10. Majina yanayoishia na .ke yanasimamiwa na KeNIC, nayo huandikishwa kupitia kwa wasajili, yaani kampuni zilizoidhinishwa kufanya kazi hiyo. Sasa sikiliza vizuri: msajili anamtambua mtu mmoja tu, yule ambaye jina na barua pepe yake vimo katika akaunti. Aliyetoa pesa hamjui. Aliyeianzisha biashara hamjui. Ukimpigia simu kwa uchungu wote ulio nao, swali lake la kwanza litakuwa barua pepe iliyosajiliwa ni ipi.

Kilichompata mama wa Nyali ni hiki. Kijana aliisajili domeni ndani ya akaunti yake mwenyewe, pamoja na domeni za wateja wengine. Simtii dosari ya wizi. Mafundi wengi hufanya hivyo kwa sababu ni rahisi, na wapo wanaozilinda domeni hizo kwa uaminifu miaka na miaka. Kisha kijana akapata kazi Ghuba, laini yake ya simu ya hapa akaiacha, na barua pepe ya zamani akawa haifungui. Kwa majina kama .com, kanuni za ICANN, shirika linaloratibu majina ya domeni duniani, zinamtaka msajili atume kumbusho angalau mbili kabla ya muda kwisha, moja ikiwa umesalia kama mwezi na nyingine ikiwa imesalia kama wiki, kisha moja tena ndani ya siku tano baada ya kwisha. Sina shaka zilitumwa. Ziliangukia katika kikasha ambacho hakuna anayekisoma. Mama hakuletewa hata herufi moja, kwa kuwa katika daftari la msajili yeye hayumo.

Muda ukishakwisha, bado kuna nafasi ya kujiokoa, lakini si kubwa. Kwa .com, msajili anaweza kukaa na jina hadi siku 45 kabla hajalifuta. Akilifuta, huingia katika siku 30 za ukombozi, ambapo mwenyewe anaweza kulirudisha kwa ada ya juu zaidi ya ile ya kawaida. Baada ya hapo hufungwa siku 5, hakuna awezaye kuligusa, kisha huachwa wazi kwa yeyote atakayewahi. Na wapo wanaokesha kwa kazi hiyo, wakitumia programu za kunasa majina yaliyoachwa, hasa yale ambayo watu wameshayazoea. Atakayelichukua anaweza kupokea barua zinazotumwa kwenye anwani zako za zamani, zikiwemo zile za kubadilisha nywila za akaunti zako nyingine. Mgeni aliyezoea kukuandikia kutoka Ujerumani akiulizia vyumba vya Desemba hatajua kwamba anamwandikia mtu mwingine.

Tulimpata kijana siku ya kumi na mbili kupitia kwa shangazi yake wa Kuze. Akiwa huko huko alipo, alilipa na tovuti ikarudi, kisha tukaanza kuihamisha domeni kwa jina la mama. Siku kumi na mbili za maombi ya vyumba zilipotea. Na yeye ndiye aliyesalimika. Nina mteja mwingine, mtu wa safari za mashua, ambaye jina la biashara yake la miaka sita sasa liko mikononi mwa asiyemjua, nasi tumelazimika kuanza na jina jipya na mabango mapya.

Ndiyo maana nina utaratibu ambao siulegezi, hata mteja akiona namchelewesha. Kabla sijachora kitufe kimoja, tunafungua barua pepe ya biashara. Isiwe ya mpwa anayejua kompyuta, isiwe ya karani, wala isiwe yangu. Namba ya kuirejesha iwe ile laini ambayo mwenye biashara anapokelea pesa za M-Pesa, kwa sababu hiyo hawezi kuiacha ifungwe. Tunawasha uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila kisha msimbo wa simu. Mteja mwenyewe anajiandikisha kwa msajili na kulipa kutoka simu yake, nami nimekaa ubavuni namwelekeza. Mimi hupewa ruhusa ya kufanya kazi, ruhusa ambayo anaweza kuniondolea siku yoyote atakayo. Kisha yote huandikwa katika daftari la karatasi, nalo hukaa palipo na leseni ya kaunti. Siku ya kulipia leseni, domeni nayo inaongezwa mwaka, hata kama muda wake haujafika.

Kama tovuti unayo tayari, muulize fundi wako leo: msajili ni nani, muda unakwisha tarehe gani, na akaunti iko kwa barua pepe ipi? Fundi mwaminifu hukujibu kabla hujamaliza chai. Msajili na tarehe unaweza pia kuvitazama mwenyewe katika daftari la wazi la usajili wa domeni, ambalo wengi huliita Whois, ingawa siku hizi jina la mwenye domeni mara nyingi hufichwa kwa ajili ya faragha. Ukikuta iko kwa jina la fundi, muombe kwa adabu aihamishe, na umlipe muda wake. Kuhama kwenda kwa msajili mwingine kunahitaji msimbo maalumu, na kwa .com msajili anatakiwa autoe ndani ya siku tano mwenye domeni anapouomba. Fundi akikuzungusha mwezi mzima kwamba mitambo ina shida, usikubali. Shida haiko kwenye mitambo.

Mengine ninayoambiwa nitayapitia upesi.

"Nina Facebook, Instagram na WhatsApp, domeni ya nini?" Tarehe 4 Oktoba 2021 zote tatu zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita, na aliyekuwa hana mlango mwingine siku hiyo alifunga duka bila kupenda. Ukurasa wako huko uko ndani ya nyumba ya mwenyewe, na ukifungiwa akaunti ni vigumu hata kumpata mtu wa kuongea naye. Lakini upande wa pili nao niuseme, kwa sababu mafundi wenzangu hawausemi: si kila biashara inahitaji tovuti. Alinijia mama anayeuza mahamri na mbaazi Mwembe Tayari, amedunduliza pesa za tovuti kwa miezi. Nilizikataa. Wateja wake wanapita mlangoni pake kila asubuhi. Nilimwekea WhatsApp Business na orodha ya vyakula na bei, basi. Pesa zile alinunulia jokofu.

"Nilipe ngapi niwe wa kwanza Google?" Matangazo ya kulipia yapo, nayo huwekewa alama kwamba ni tangazo. Matokeo ya kawaida hayauzwi, na Google yenyewe inasema hivyo. Anayekuahidi nafasi ya kwanza kwa ada ya mwezi anakuuzia kitu asichokuwa nacho. Wapo pia wanaotoza pesa kwa kuficha orodha ndefu ya maneno ndani ya msimbo wa ukurasa, na Google ilitangaza tangu 2009 kwamba haitumii orodha hiyo kupanga matokeo. Kinachosaidia ni kuyasema mambo yako waziwazi. Mfanyabiashara mmoja wa Barabara ya Biashara alinilalamikia kwamba haonekani popote. Nikafungua tovuti yake: "Karibuni, tunajali wateja wetu, ubora ndio desturi yetu." Ukurasa wa kwanza mzima haukuwa na neno leso wala neno Mombasa. Tuliandika "Leso na vitambaa, jumla na rejareja, Barabara ya Biashara, Mombasa", tukaeleza jozi zinauzwaje na mzigo unapelekwa vipi Lamu na Malindi. Hakuna uganga hapo. Mtu anaandika anachokitafuta, na ukurasa wako uwe na hayo maneno.

"Siku hizi intaneti ina kasi, weka picha kubwa." Ni kweli nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zinatua hapa hapa Mombasa tangu 2009. Lakini mteja wako hajakaa juu ya waya. Yuko ndani ya feri ya Likoni, ameshika simu, bando linakaribia kwisha. Picha moja ya simu ni MB 4 au 5, na ukiweka kumi mbichi umemla MB 40 hadi 50 kabla hajaona bei. Zipunguzwe hadi KB 200 au chini, jicho halitaona tofauti kwenye simu. Na Google hupima tovuti yako kwa sura yake ya simu, si ya kompyuta.

"Ina alama ya kufuli, kwa hivyo ni salama." Kufuli maana yake ni kwamba mazungumzo kati ya simu yako na tovuti yamefichwa njiani. Haisemi kama mwenye tovuti ni mkweli, na matapeli nao wana kufuli. Uwe na ulinzi huo wa njiani, kwa sababu tangu Julai 2018 Chrome inaitangaza tovuti isiyo nao kuwa si salama. Ila cheti chake hupatikana bure kwa shirika la Let's Encrypt, basi usikubali kutozwa maelfu kwa jambo hilo.

"Nibusti tu kila posti." Kubusti posti, yaani kulipa ili ionekane na wengi, bila kuchagua watu ni kumwaga vipeperushi juu ya daraja la Nyali. Chagua eneo, kilomita chache kuzunguka duka lako, na utangaze kitu chenye bei. Wafuasi wa kununuliwa usiwaguse kabisa, hawajawahi kununua hata kitana.

La mwisho ni la ramani. Wengi hudhani duka likishaonekana kwenye ramani ya Google kazi imekwisha, na wengine wamelipa watu kwa usajili ambao ni wa bure. Jisajili mwenyewe, thibitisha, na hakikisha alama imekaa mlangoni pako hasa, kwa kuwa mji huu tunaelekezana kwa misikiti na miembe. Kisha rudi uitazame. Mwezi wa Ramadhani maduka mengi ya huku hubadilisha saa, yakafungwa alasiri na kufunguliwa tena baada ya tarawehe, ilhali kwenye ramani bado imeandikwa saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Kuna sehemu ya saa maalumu katika wasifu wako, na kuijaza ni dakika tano. Ijaze kabla ya mwezi kuandama, mtu asifunge safari kutoka Changamwe na mfungo wake aje akute mlango umefungwa.