Kutu kwenye fimbo za zamani za kuvulia: tazama rangi kwanza, msasa weka mbali

Juzi kijana mmoja kaniletea fimbo mbili za marehemu babu yake, zimekaa darini miaka na miaka. Moja ni ya faibaglasi, nene, ya kuvulia samaki wakubwa, ile yenye pete za rola, yaani pete zenye vigurudumu ambavyo mshipi unapita juu yake, manake mzee alikuwa anafanya kazi kwenye boti za wageni Malindi. Ya pili ni ya mianzi, Palakona ya Hardy wa Alnwick kule Uingereza, vipande sita vya mwanzi vimegandishwa kwa gundi vikawa fimbo moja nyembamba, na hii mimi najua haikuzaliwa huku pwani, hizi ni za trauti, samaki walioletwa Kenya mwaka 1905 wakamwagwa kwenye mito ya Aberdare. Huko bara hewa ni kavu kidogo. Ikishuka Mombasa hata usipoitia baharini, upepo peke yake unaila.

Kijana akaniambia, fundi, nilitaka kuipiga msasa mwenyewe nikaogopa. Nikamwambia umeogopa vizuri sana, kwa sababu fimbo nyingi za zamani zinazofika kwangu zimeharibiwa na usafi kuliko zilivyoharibiwa na kutu.

Kwanza kabisa osha. Maji baridi ya bomba, sio ya kisima chenye chumvi, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, halafu kausha hapo hapo. Watu wanaruka hii hatua wanakimbilia dawa, na ile chumvi iliyoganda bado iko pale pale inavuta unyevu wa hewa usiku kucha, kwa hiyo utang'arisha leo na baada ya wiki kutu imerudi unasema dawa ni feki.

Ikikauka, ipeleke juani uitazame rangi. Kutu ya kahawia ni chuma. Kijani ni shaba, yaani brasi au ile nikeli silva, ambayo jina lina silva lakini fedha hamna ndani, ni shaba, nikeli na zinki. Unga mweupe ni alumini. Na kromu usidanganyike nayo, kromu ni ngozi tu, ukiona vidoto vya kahawia juu yake ujue chini kuna chuma, ukiona kijani chini kuna brasi. Ukishajua chuma gani kinaumwa ndio unajua dawa, hujajua usiguse.

Kwa ile ya kijani natumia siki nyeupe, nusu siki nusu maji, nachovya pamba napaka pale pale penye kijani tu, dakika mbili tatu, nasugua na mswaki laini, nafuta na kitambaa chenye maji halafu kikavu. Silowanishi fimbo nzima hata siku moja, kwa sababu siki ikipenya kwenye nyuzi zinazofunga pete na vanishi yake, au ikaingia kwenye gundi iliyoshika mwanzi, umeshaua fimbo. Najua nyumbani sinia la shaba tunalisugua kwa ndimu na majivu, au ukwaju, na linang'aa kweli. Sinia halina nyuzi wala gundi! Na wale wa ndimu na chumvi ndio kabisa, unatoa chumvi unarudisha chumvi. Amonia pia hapana, inapasua brasi taratibu kwa ndani.

Sasa viungio. Pale fimbo inapogawanyika kuna feruli, yaani mirija miwili ya metali, dume linaingia ndani ya jike, na fundi wa zamani alivipatanisha kwa kipimo kidogo kuliko unene wa unywele. Ukipitisha msasa mara tatu tu umekula kile kipimo, fimbo inaanza kucheza, ukirusha unasikia tik tik mkononi, na hapo hamna kurudisha, ni kubadilisha feruli nzima na za kulingana hazipatikani kirahisi. Kwa hiyo mimi ni spiriti na pamba tu, dume nafuta, jike nazungusha pamba kwenye kijiti mpaka itoke nyeupe. Weusi kidogo ukibaki uache, ule weusi haudhuru chochote. Grisi usiweke, inashika mchanga. Dume likikwaruza pitisha mshumaa kidogo, basi. Na zikikwama usilete koleo jamani, weka barafu upande wa dume, jike lishike kwa kiganja lipate joto, vuta moja kwa moja bila kuzungusha.

Vidoto vya kutu kwenye kromu: chukua ile foili ya jikoni, ikunje, ilowanishe maji, sugua polepole. Alumini ni laini kuliko kromu kwa hiyo haikwaruzi. Malizia na tone la mafuta ya cherehani.

Kiti cha rili, pale rili ya mshipi inapofungwa kwenye fimbo, kikiwa cha alumini ni brashi ya nailoni na siki nyepesi, usipeleke magadi wala sabuni ya kuzibulia sinki, inakula alumini na rangi yake. Skrubu za chuma zilizokaa ndani ya alumini zitoe uzipake grisi kidogo kabla hujarudisha, vyuma viwili tofauti vikikutana na maji ya chumvi kimoja lazima kiliwe.

Rola zile niliziloweka kwenye mafuta ya taa usiku mzima, asubuhi pini zikatoka zenyewe. Pete zote nikapitisha soksi ya nailoni, ikinasa mahali ujue pana mkwaruzo utakaokata mshipi siku samaki mkubwa anavuta. Mbili zilinasa, hizo nimemwambia tubadilishe, moja kutu ilishatoboa kromu mpaka ndani. Ile ya mianzi feruli zimetoka safi, zinabana na kutoa ile sauti yake ya pop ukizichomoa, kijana alizichomoa na kuzirudisha mara tano hapo hapo kibarazani.

Nimempa na mfuko wa kitambaa kikavu. Lile bomba la plastiki alilokuja nalo nimemwambia alitupe, ndani kulikuwa na jasho.