ETF iliyouzwa kwa kukopa zaidi ya asilimia 100: hesabu inatoka wapi

Kila baada ya muda mtu hurusha mtandaoni takwimu za XRT, ETF ya kampuni ya State Street (yaani mfuko wa uwekezaji ambao vipande vyake huuzwa na kununuliwa sokoni kama hisa) inayoshika hisa za maduka ya rejareja ya Marekani, zikionyesha kwamba vipande vilivyouzwa kwa kukopa ni vingi kuliko vipande vyote vilivyopo. Maelezo yanayofuatia huwa yale yale: kuna vipande feki, wakubwa wanaiba, bei italipuka. Takwimu yenyewe ni ya kweli. XRT imevuka asilimia 100 mara nyingi, na kuna nyakati imefika mamia. Kosa liko kwenye tafsiri, maana watu wanausoma mfuko kana kwamba ni hisa za kampuni moja.

Anayeuza kwa kukopa anachukua vipande kupitia dalali wake, anaviuza kwa bei ya leo na kubaki na deni la vipande, si la fedha. Wakati deni liko wazi analipa ada ya mkopo, na gawio likitoka analilipa yeye kwa aliyemkopesha. Jumla ya madeni hayo ambayo hayajafungwa ndiyo salio la mauzo ya kukopa. Marekani, madalali wanaosimamiwa na FINRA, chombo cha kusimamia madalali, huripoti salio hilo mara mbili kwa mwezi: katikati ya mwezi, yaani tarehe 15 au siku ya kazi iliyoitangulia, na siku ya mwisho ya kazi ya mwezi. Huchapishwa siku ya saba ya kazi baada ya hapo. Maana yake ni kwamba namba inapotoka tayari ina umri wa zaidi ya wiki, na kabla toleo jipya halijaja itakuwa imepitisha wiki tatu.

Sasa hiyo asilimia 100. Chukua mfuko wenye vipande milioni 10, vyote mikononi mwa kundi A. A wanakopesha milioni 6 kwa B, naye B anawauzia C. C ni wamiliki kamili, hawajui wala hawahitaji kujua kwamba walichonunua kilikopwa. Madalali wao wanakopesha milioni 5 kati ya hivyo kwa D, naye D anawauzia E. Hesabu madeni: 6 na 5 ni milioni 11, juu ya vipande milioni 10. Hiyo ni asilimia 110, na hakuna kipande hata kimoja cha bandia. Kilichotokea ni kwamba kipande kile kile kimekopeshwa mara mbili, na kila mkopo una dhamana yake na mdaiwa wake.

Kuanzia hapa ndipo ETF inapoachana na hisa za kampuni. Kampuni haiongezi wala kupunguza hisa zake kila siku. Mfuko hufanya hivyo. Aliyezoea vipande vya UTT AMIS, meneja wa mifuko ya uwekezaji Tanzania, anajua kununua moja kwa moja kwa meneja. Kwenye ETF wewe unanunua kwa mwenzako sokoni, na wanaoingia mlango wa meneja ni taasisi chache tu, washiriki walioidhinishwa. Wao hupeleka kapu la hisa zinazounda mfuko na kupewa vipande vipya, au hurudisha vipande na kupewa kapu. Hufanya hivyo kwa mafungu. Fungu la SPY, ETF inayofuata faharasa ya S&P 500, kwa mfano, ni vipande 50,000.

Turudi kwenye mfano wetu. Washiriki wakinunua vipande milioni 4 sokoni na kuvirudisha kwa meneja, vilivyopo vinabaki milioni 6. Madeni bado ni milioni 11. Asilimia imeruka kutoka 110 hadi 183 bila mtu yeyote kuuza kipande kipya kwa kukopa. Hivi ndivyo mifuko midogo yenye wadeni wengi inavyotoa namba za kutisha: kilichobadilika ni kigawanyo. Ndiyo maana mimi hutumia uwiano mwingine: madeni gawanya kwa vipande vilivyopo pamoja na madeni. Kabla ya vipande kurudishwa ni 11 kwa 21, asilimia 52. Baadaye ni 11 kwa 17, asilimia 65. Uwiano huu hauwezi kuvuka 100, na unaonyesha kitu chenye maana: kati ya wote wanaojihesabu wamiliki, sehemu gani inatokana na mikopo.

Kuna chanzo kingine ambacho wengi hawakijui, na ndicho kinachopindua maana ya namba kabisa. Mteja anataka vipande 20,000 saa nne asubuhi. Mtengeneza soko, yaani kampuni inayokaa tayari kununua na kuuza muda wote, hana vipande hivyo, lakini anamuuzia, kisha hapo hapo ananunua hisa zilizomo kwenye mfuko, au mikataba ya baadaye ya faharasa (futures, yaani makubaliano ya leo kuhusu bei ya siku ya mbele), ili bei ikipanda asiumie. Hakimbilii kwa meneja, kwa sababu fungu ni 50,000 na uundaji una ada. Anasubiri maagizo mengine, na pengine mchana atatokea muuzaji wa kumjazia pengo. Makabidhiano ya kawaida Marekani, tangu Mei 28, 2024, ni siku moja ya kazi baada ya biashara. Kanuni ya 204 ya Regulation SHO, kanuni za mauzo ya kukopa za SEC (mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani), inampa mtengeneza soko wa kweli hadi siku ya tatu ya makabidhiano baada ya hapo, kabla hajalazimika kufunga. Katika muda huo anaweza kuonekana kwenye salio la mauzo ya kukopa, na pia kwenye orodha ya SEC ya vipande visivyokabidhiwa. Tazama mwelekeo wake: deni hili limezaliwa na watu wanaonunua kwa wingi, na yeye mwenyewe hana maoni yoyote kuhusu bei.

Sehemu kubwa ya kinachobaki ni kinga. Meneja anayependa duka moja lakini anaogopa sekta nzima atanunua hisa za duka hilo na kuuza XRT kwa kukopa. ETF za IWM, inayofuata Russell 2000 (faharasa ya kampuni ndogo za Marekani), na HYG ya hatifungani zenye riba kubwa hutumika hivyo hivyo kila siku. Kuna pia njia ya mzunguko: hisa moja ikiwa ghali kuikopa, mtu huuza mfuko unaoibeba na kununua hisa nyingine zote zilizomo. Januari 2021 GameStop ilipopaa, uzito wake ndani ya XRT ulifika karibu moja ya tano, ingawa mfuko huo umepangwa kugawa uzito karibu sawa kwa sawa. Vipande vingi vilirudishwa wiki ile. Ukirudisha vipande unapewa kapu lenye hisa adimu ndani, na hiyo ni njia ya kuzipata.

Je, wauzaji wanaweza kubanwa? Kwenye ETF ya kawaida ni vigumu sana. Bei ya kipande ikipanda juu ya thamani halisi ya kapu, washiriki wanaunda vipande vipya na kuviuza, au kuvikopesha. Kipimo cha siku za kufunga madeni, yaani salio gawanya kwa wastani wa biashara ya siku, hakisaidii hapa kwa sababu hiyo hiyo. Hatari huanza mlango wa uundaji unapofungwa. Machi 14, 2022 Barclays ilisimamisha utoaji mpya wa VXX, hati ya deni inayofuata mikataba ya VIX, kipimo cha mtikisiko unaotarajiwa sokoni (si ETF kisheria, lakini inauzwa vilevile). Bei ikapaa juu ya thamani yake halisi na waliouza kwa kukopa wakaumia. Kwa hiyo kabla ya salio, soma tangazo la meneja: je, uundaji bado uko wazi?

Ukitaka kuhesabu mwenyewe, chukua salio kwenye tovuti ya FINRA na idadi ya vipande kwenye ukurasa wa mfuko, kisha hakikisha tarehe zinalingana. Salio la tarehe 15 ukiligawanya kwa vipande vya leo, umepika namba. Usichukue pia faili la FINRA la kila siku la kiasi kilichouzwa kwa kukopa ukadhani ndilo salio. Lile huhesabu miamala, pamoja na ya watengeneza soko inayofungwa siku hiyo hiyo, na hukaribia nusu ya biashara yote bila chochote cha ajabu. Orodha ya SEC ya visivyokabidhiwa nayo ni baki la siku husika, kwa hiyo kuijumlisha siku kwa siku ni kuhesabu deni lile lile mara nyingi. Halafu linganisha ada ya mkopo kwa dalali wako na pengo kati ya bei na thamani halisi. Salio likiwa kubwa huku ada ni ndogo na pengo halipo, mimi huendelea na kazi nyingine.

Kwa mnaoshika ETF kwenye akaunti ya mkopo huko Marekani, jambo moja zaidi: dalali anaweza kuwa anavikopesha vipande vyenu ninyi. Siku ya gawio mtaona kwenye taarifa "malipo badala ya gawio". Kiasi ni kile kile, ila hayapati kiwango nafuu cha kodi cha gawio linalostahili. Kwenye akaunti ya fedha taslimu hawezi kuvikopesha bila idhini yenu, kwa hiyo angalieni kama mliwahi kuweka alama kwenye kisanduku cha mpango wa kukopesha.