Gari la soda linaendeshwa na chupa tupu

Vijana wanaoitaka kazi hii ya kusambaza soda madukani huniuliza habari za gari: ni Fuso au Canter, mafuta anaweka nani, tingo, yaani msaidizi wa dereva, analipwa na nani. Leseni ni daraja E, hilo halina mjadala, na mitaa ya Tanga si migumu kwa mtu aliyezoea gari la mizigo. Kinachowashinda wengi ni chupa tupu.

Hesabu yake iko hivi. Kreti ya soda ina chupa 24. Zikiwa za mililita 350, ndani mna lita 8.4, yaani kilo nane na ushei za kinywaji, mbali na uzito wa vioo. Duka likichukua kreti 10 zilizojaa linanipa 10 tupu. Kwa hiyo gari linatoka limejaa na linarudi limejaa, ila limekuwa jepesi. Nikishusha kreti 300 nimepunguza kama tani 2 na nusu, na bado sina pa kuweka hata ndoo.

Asiye na tupu inabidi alipie chupa na kreti pia, na hapo ndipo maneno yanapoanza.

"Mwanangu, niachie kumi, tupu chukua keshokutwa."

"Shikamoo mama. Za keshokutwa nitazileta keshokutwa."

Anacheka, anaingia ndani, na mara nyingi tupu zinapatikana uani nyuma ya pipa la maji. Mji huu watu huuita Waja leo waondoka leo, lakini kreti za maduka mengine huja leo zikakaa mpaka Idi.

Na usizipokee ovyo. Tingo mzuri hupitisha kidole kwenye mdomo wa kila chupa, kwa sababu ukimeguka kizibo hakishiki sawasawa na gesi inatoka. Kisha ananusa. Chupa ya soda ikishafika nyumbani hutumika kwa kila kitu: mafuta ya taa, mafuta ya nazi, dawa ya mende. Harufu ya mafuta ya taa haitoki kirahisi hata kwa maji ya moto, na chupa hiyo ikikataliwa depo inaandikwa kwa jina langu, si la mwenye duka. Halafu kuna wale wanaochanganya chupa za kampuni mbili ndani ya kreti moja, wakizificha katikati. Mimi nawaelewa, lakini nazitoa.

Tupu pia ndizo zinazopanga njia. Ngamiani barabara zake zina namba, kuanzia ya 1 hadi ya 21, na mgeni hudhani ni kufuata namba tu. Tunaendesha kushoto, na nashushia upande wa duka ili tingo asibebe kreti katikati ya bajaji na bodaboda. Maana yake kila duka linakula upande wa kushoto wa gari. Nikirudishia kreti tupu 60 pale pale zilipotoka zilizojaa, kushoto kumekuwa kwepesi kwa nusu tani, nami nina kona ya kukata kuelekea Makorora. Kwa hiyo baada ya maduka machache nasimama, tunahamisha: zilizojaa za kulia zinakuja kushoto, tupu zinakwenda kulia. Kazi hiyo inachosha na hakuna anayeilipia, lakini sijaona dawa nyingine. Madereva wanaoiruka utawajua kwa jinsi gari linavyolala kwenye kona.

Nje ya mji mambo yanageuka. Kwenda Muheza asubuhi gari limeshiba, breki zinataka nafasi, nami sizidi kilomita 80 kwa saa maana ndiyo sheria ya gari zito. Kurudi ni hatari ya aina nyingine. Gari jepesi kwenye springi ngumu linarukaruka, na kreti za juu zisipofungwa kamba vizuri zinaanza kucheza. Vioo vinaweza kuvunjika zaidi wakati wa kurudi kuliko wa kwenda, jambo ambalo mabosi wa ofisini huwa hawaliamini. Msimu wa machungwa oda za Muheza zinapanda kwa sababu watu wana pesa mkononi. Hapo nabeba nyingi zaidi.

Harusi nazo zina hesabu yake. Kreti zinatoka dukani Ijumaa, zinanywewa mwisho wa juma, na tupu zinatawanyika kwa mashangazi na majirani. Jumatatu duka linataka soda na halina tupu, kwa hiyo mitaa yenye shughuli naiacha hadi Jumanne au Jumatano. Ramadhani maduka mengi yanaamka taratibu, basi na mimi nasogeza mzunguko uelekee alasiri. Kukaribia Idi kila mtu anataka, na anayepata ni yule aliyekusanya tupu zake mapema.

Maji ya chupa ni raha ukilinganisha. Katoni ya chupa 12 za lita moja na nusu ina kilo 18, unaishusha, unasubiri ujumbe wa lipa namba uingie kwenye simu ya ofisi (si wa kuonyeshwa kwenye simu ya mteja), unatoa risiti ya EFD, unaondoka. Hakuna cha kurudisha. Ila turubai usilisahau wakati wa kaskazi. Joto linapandisha gesi ndani ya soda, na chupa ya kioo yenye ufa inaweza kupasuka yenyewe juani.

Ukiitwa kwenye usaili, kabla ya mshahara uliza nani anabeba gharama ya chupa zilizovunjika na zilizokataliwa, na kama kuna kiwango cha upungufu kinachosamehewa kwa siku. Nimewahi kufanya kazi sehemu ambayo kila chupa ilikatwa kwa dereva, hata zile zilizohesabiwa usiku bila yeye kuwepo. Omba hesabu ifanyike ukiwa umesimama pale, kreti kwa kreti, na karatasi isainiwe na wote wawili kabla hujakabidhi funguo.