Insha ya Utafiti Kuhusu Zora Neale Hurston: Anzia Pale Vyanzo Vinapogombana

Kila mwaka, baridi inapoanza kupungua, wanafunzi wa darasa la kumi na moja hufika kwenye meza yangu wakiwa na maelekezo ya insha ya utafiti kuhusu mwandishi wa Kimarekani. Mimi ni mkutubi wa shule ya sekondari nchini Marekani, na wengi wa wanaonijia wanatoka katika familia zinazozungumza Kiswahili nyumbani, kutoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania. Ninaandika haya kwa ajili yao, na kwa ajili ya wazazi wanaoketi nao usiku wa manane bila kujua kwa hakika mwalimu anataka nini. Kinachowakwamisha watoto hawa mara nyingi si Kiingereza. Wanadhani wameagizwa kusimulia maisha ya mwandishi tangu kuzaliwa hadi kufa, kwa hiyo wanakusanya tarehe, wanazipanga, na kurasa zinajaa bila mwanafunzi mwenyewe kusema lolote.

Insha ya utafiti huanzia pale vyanzo vinapogombana. Nitaeleza kwa kumtumia Zora Neale Hurston, mwandishi mweusi wa Kimarekani ninayewapendekezea wengi, kwa sababu kwake ugomvi huo unaanza na mwaka wa kuzaliwa.

Jiwe lililo kwenye kaburi lake mjini Fort Pierce, Florida, linasema alizaliwa mwaka 1901. Tawasifu yake, Dust Tracks on a Road, iliyochapishwa mwaka 1942, inasema alizaliwa Eatonville, mji mdogo wa Florida ulioanzishwa na kuongozwa na watu weusi wenyewe tangu mwaka 1887. Lakini sensa ya mwaka 1900 inamwonyesha akiwa mtoto aliyezaliwa mwaka 1891, na wataalamu wa leo wanakubaliana kwamba alizaliwa Notasulga, Alabama, tarehe 7 Januari mwaka huo, kisha familia ikahamia Eatonville angali mdogo. Tawasifu na jiwe la kaburi vinasema hivi, karatasi ya serikali inasema vile. Mwanafunzi anayeviweka vyanzo hivi mezani kwa pamoja hushtuka kidogo, na mimi husubiri mshtuko huo, kwa maana baada yake huja swali: kwa nini?

Jibu lipo, na linamgusa kijana wa sekondari kuliko mtu mwingine yeyote. Mama yake Hurston alifariki mwaka 1904, na baada ya hapo masomo ya binti huyo yakayumba kwa miaka mingi. Mwaka 1917 alikuwa Baltimore, ana umri wa miaka 26, bila elimu ya sekondari, wakati shule za umma za Maryland zilipokea bure vijana weusi wasiozidi miaka 20. Akajipunguzia miaka kumi, akasema ana 16, akaingia darasani. Kutoka hapo alifika Chuo Kikuu cha Howard, kisha Chuo cha Barnard mjini New York, ambako alihitimu mwaka 1928 baada ya kusomea anthropolojia chini ya Franz Boas. Mwaka ule wa 1901 ulidumu hata baada ya kifo chake. Alifariki Januari 1960 akiwa fukara, na kaburi lake lilikaa bila alama hadi mwaka 1973, mwandishi Alice Walker alipokwenda kulitafuta katikati ya majani marefu na kuliwekea jiwe, lenye mwaka uliokubalika wakati huo. Ninawaomba wanafunzi wakumbuke jiwe hilo kila wanapoona tarehe kwenye tovuti: maneno yaliyochongwa kwenye jiwe nayo ni chanzo cha upili, yanatokana na yale ambayo mchongaji aliambiwa.

Hata hivyo, kugundua kwamba Hurston alificha umri wake hakutoshi kuwa insha. Huo ni ukweli, na ukweli hauna mtu wa kuupinga. Hoja kuu ni sentensi ambayo msomaji mwenye akili timamu anaweza kuikataa, nawe ukalazimika kumshawishi kwa ushahidi. Mwanafunzi mmoja aliandika, baada ya rasimu tatu, kwamba Hurston aliichagua Eatonville kuwa mahali pa kuzaliwa kwake kwa sababu ndiko alikozaliwa kama msimulizi, kwenye baraza la duka la Joe Clarke, watu wazima walikokaa wakitambiana hadithi. Hiyo ni hoja. Inaweza kupingwa, na inaweza kutetewa kwa kurasa za tawasifu na kwa kitabu cha mwaka 1935, Mules and Men, ambamo Hurston anarudi mji uleule kukusanya fasihi simulizi. Kijana aliyekulia baraza za Kigoma au Bukavu hahitaji kuelezwa baraza ni nini, naye akiliona hilo huandika kwa ujasiri mpya.

Baada ya hapo ninawarudisha kwenye riwaya, kwa sababu walimu wengi wa fasihi hutaka insha isimame juu ya kazi ya mwandishi kuliko maisha yake. Their Eyes Were Watching God ilichapishwa mwaka 1937, na Hurston aliiandika kwa wiki saba akiwa Haiti. Richard Wright, mwandishi mweusi mwenzake, aliihakiki mwaka huohuo katika jarida la New Masses, akasema haina dhamira, haina ujumbe, haina fikra. Miaka arobaini baadaye riwaya hiyohiyo ilikuwa inafufuliwa na kufundishwa vyuoni. Kazi ya mwanafunzi hapo si kuamua nani mkubwa kati ya wawili hao. Aulize Wright alitarajia nini kutoka kwa riwaya ya mtu mweusi katika miaka ya 1930, kisha atafute ndani ya kitabu kile ambacho Wright hakukijali.

Mahali ninapopapenda zaidi ni kesi iliyo karibu na mwisho. Janie, mhusika mkuu, anasimama mahakamani kujieleza baada ya kumpiga risasi mumewe, Tea Cake, aliyepandwa na kichaa cha mbwa na kumnyooshea bastola. Riwaya nzima imekuwa ikimsindikiza mwanamke huyu kuelekea kwenye sauti yake, na sasa wakati wake wa kusema umefika. Hurston anafanya nini? Anatupa taarifa ya msimulizi kwamba Janie alizungumza. Maneno yenyewe hatuyasikii. Mwaka 1979, katika mkutano wa wataalamu wa lugha na fasihi, mhakiki Robert Stepto alidai kwamba jambo hili linaonyesha Janie hakupata sauti kwa kweli. Alice Walker akajibu kwamba mwanamke aliyepata sauti anaweza pia kuchagua wakati wa kutoitumia. Huo ni ugomvi wa kweli, wenye pande mbili zinazoheshimika, na ukurasa wa kuutatua uko mkononi mwa mwanafunzi. Ninamwambia ausome ukurasa huo mara tano, atie alama kila kitenzi alichopewa Janie, ndipo afungue makala ya wahakiki. Akianza na wahakiki, atazungumza kwa midomo yao.

Kuna kosa moja ambalo huniumiza, nalo ni kusahihisha nukuu. Wahusika wa Hurston huzungumza lahaja ya watu weusi wa kusini, na yeye aliiandika kama alivyoisikia, hata neno la “mimi” likawa “Ah”. Wanafunzi wanaoogopa kukosolewa Kiingereza chao hubadilisha maneno hayo yawe ya kisanifu. Ni sawa na kunukuu shairi la Muyaka kisha ukaondoa Kimvita chake: vina vinavunjika na mtu mwenyewe anatoweka. Nukuu huandikwa kama ilivyochapwa, herufi kwa herufi.

Mambo ya umbo hayahitaji maneno mengi. Shule nyingi hutumia mtindo wa kupanga insha na kutaja vyanzo uitwao MLA: pambizo za inchi 1, nafasi maradufu kati ya mistari, na baada ya kila nukuu mabano yenye jina la ukoo la mwandishi na namba ya ukurasa, bila mkato kati yake. Hifadhidata za makala, kama JSTOR, hulipiwa na maktaba, kwa hiyo mwanafunzi asitoe pesa zake. Akose shuleni, aulize maktaba ya umma. Wikipedia inafaa kwa kuanzia, hasa orodha ya marejeo iliyo chini. Kuhusu programu zinazoandika zenyewe, nimeshaletewa insha zenye makala ambazo nilizitafuta kila mahali nisizipate kwa kuwa hazijawahi kuandikwa, na mwalimu huliona hilo kwa dakika mbili.

Mazoea ninayosisitiza kuliko hayo ni ya daftari. Kila unapoandika maneno ya mtu, weka alama za kunukuu na namba ya ukurasa papo hapo, kwa sababu baada ya wiki tatu hutakumbuka ni yako au ya Walker. Wizi wa kitaaluma mwingi nilioushuhudia ulianzia kwenye daftari lisilo na alama.

Rasimu ya kwanza inapokamilika, ninampa mwanafunzi kazi moja kabla sijaisoma: aende nyumbani amweleze mama au baba, kwa Kiswahili, kwa nini Janie hasikiki mahakamani. Mzazi hahitaji kuwa amesoma riwaya, aulize tu, “Umejuaje?” kila mara mtoto anapodai jambo. Msichana mmoja alirudi asubuhi iliyofuata akiwa amefuta aya mbili nzima, kwa kuwa mama yake aliuliza swali hilo mara ya tatu akiwa anasonga ugali, na yeye hakuwa na ukurasa wa kumwonyesha.