Joseph Thomson, msoma mawe aliyetumwa na Sultani

Mwaka 1881 Sultani Barghash wa Zanzibar alikuwa na meli za moshi, lakini makaa ya mawe ya kuziendesha ilibidi yaagizwe kutoka nje. Habari zilikuwapo kwamba bonde la mto Ruvuma lina makaa. Livingstone alikwisha kuyataja. Sultani akamwajiri kijana wa miaka 23 aende akahakikishe.

Kijana huyo, Joseph Thomson, alizaliwa Uskoti mwaka 1858. Baba yake alikuwa mwashi aliyekuja kuendesha machimbo ya mawe, hivyo mtoto aliyazoea mawe kabla ya kuyasomea Chuo Kikuu cha Edinburgh. Mwaka 1878 alichukuliwa kama mwanajiolojia wa msafara wa Keith Johnston kwenda kwenye maziwa makuu, na kazi ya kukusanya mimea na wanyama ikawa yake pia. Juni 1879 Johnston akafa kwa kuhara damu huko Behobeho, ambako leo ni ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Msafara ukamwangukia Thomson, miaka 21. Kwa maoni yangu aliyeuokoa ni Chuma, mmoja wa wale walioubeba mwili wa Livingstone hadi pwani. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa wapagazi. Walifika Ziwa Nyasa, wakafika Ziwa Tanganyika.

Turudi Ruvuma. Alichokuta Thomson ni mwamba mweusi wa tabaka nyembamba, na mwamba huu hudanganya macho. Makaa ya mawe ni mimea iliyozikwa ikagandamizwa kwa mamilioni ya miaka hadi sehemu kubwa yake ikawa kaboni. Ule wa Ruvuma ulikuwa tope lililogeuka jiwe, lenye lami kiasi ndani yake. Ukiutia motoni hutoa moshi na harufu, pengine na mwali, kisha jiwe lako linabaki pale pale. Meli haiendi kwa hilo. Thomson akarudi na jibu hilo, na Sultani hakufurahi, nani angefurahi? Makaa ya kweli yapo mkoani Ruvuma, yanachimbwa leo Ngaka, wilayani Mbinga, mbali sana na alikotumwa kutazama.

Mwaka 1883 aliondoka Mombasa, akapita nchi ya Wamaasai, Naivasha na Baringo hadi Ziwa Victoria. Njiani alijipatia heshima ya uganga kwa kuchomoa meno yake ya bandia mbele ya watu. Nyati naye hakuvutiwa na uganga huo, akamjeruhi vibaya. Maporomoko ya Nyahururu yakapewa jina la Thomson, kana kwamba wenyeji hawakuwa wakiyajua.

Alifariki London mwaka 1895, akiwa na miaka 37. Ukienda Serengeti ukaonyeshwa swala mdogo mwenye mstari mweusi ubavuni, anayeitwa swala tomi, huyo Tomi ndiye yeye.