Weka na ya kutolea: uongo na ukweli wa kutafuta mchumba kwenye simu

Nina kibanda cha uwakala wa pesa za simu hapa Moshi, si mbali na stendi kuu. Kazi yangu ni kuweka na kutoa, ushauri sitoi. Kijana anafika, anasoma namba kwenye simu yake, anasema, "Dada, mrushie elfu ishirini, weka na ya kutolea." Nauli hiyo. Mtu wake yuko Arusha, kilomita kama 80, wamejuana Tinder au Badoo, programu za kutafutia wachumba, na anasubiriwa Jumamosi.

Jumamosi jioni kijana yuleyule anapita mbele ya kibanda bila kunisalimia.

Wanasema: anayetuma nauli ndiye mwenye nia

Nauli haithibitishi nia ya yeyote. Kula nauli kumeshakuwa utani wa mjini, na kwa kawaida anayechekwa ni aliyetuma. Mimi namwonea huruma zaidi yule anayeipokea na kuja kweli. Anashuka kwenye Coaster jua linazama, hela ya kurudi hana, mwenyeji wake hajawahi kumwona, na tayari anahesabiwa kuwa na deni. Hapo ndipo penye hatari.

Mara ya kwanza kila mtu ajilipie. Kama hela ni ngumu, kutaneni katikati. Boma Ng'ombe na Usa River zote ziko njiani. Iwe mchana, mahali penye watu, si chumbani kwake wala kwenye gari lake. Mwambie ndugu au rafiki unakwenda wapi, unakutana na nani, na saa ngapi utampigia. Nauli ya kurudi ikae mfukoni mwako toka unaondoka nyumbani.

Wanasema: jina likitokea kwenye muamala, umeshamjua

Kabla sijathibitisha, jina la aliyesajili laini linatokea. Nimewahi kumsomea mteja jina la mwanamume mzima, naye anamtumia "Neema". Akanyamaza kidogo, halafu: "Tuma tu, dada."

Basi jina ni dalili nzuri, ila lina mipaka. Laini inaweza kuwa ya kaka yake kweli. Inaweza pia kuwa imesajiliwa kwa kidole cha mtu asiyejua lolote, ndiyo maana ni vizuri kupiga *106# mara mojamoja uone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA.

Video nayo siku hizi inaghushiwa. Mwombe kitu ambacho hakukiandaa: ageuze uso pembeni, apitishe mkono mbele ya uso. Akisema yuko Sakina, atoke nje akuonyeshe Mlima Meru. (Kukiwa na wingu, msamehe, wa kwetu huku nao hujificha siku nzima.)

Wanasema: wanaotapeliwa ni washamba

Mwaka 2022 pekee, Wamarekani karibu 70,000 waliripoti kwa tume yao ya biashara kwamba wametapeliwa kimapenzi. Hasara waliyoitaja ni dola bilioni 1.3. Hao si watu walioanza kushika simu jana.

Kwetu huku utapeli huo huvaa nguo za utalii. Mzungu anakuja kupanda Kilimanjaro, ila kwanza ametanguliza zawadi, na mzigo umekwama uwanja wa ndege, KIA, unadaiwa ushuru. Kisha inakuja namba ya "ofisa". Ushuru wa serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo, ile tunayoiita kontrol namba, wala hauingii kwenye simu ya mtu. Namba ya kawaida ikitajwa, ya nini kuendelea kuongea? Itume TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa ujumbe mfupi kwenda 15040.

Wanasema: picha kali ndiyo kila kitu

Picha ukiwa umeegemea Noah ya jirani itakuletea meseji nyingi, na nyingi hazitafika popote. Una mtoto, sema. Dini ni jambo usiloweza kulegeza, sema. Unatafuta ndoa au maongezi tu, sema pia. Utapata watu wachache, lakini wenye kujua walichokijia.

Picha zenyewe zisionyeshe geti la kwenu wala sare ya kazini. Tinder humwonyesha mtu uko umbali gani naye, na Moshi ni ndogo: umbali huo ukiunganishwa na sare, umeshapatikana.

Wanasema: akishakuwa na picha zako za utupu, lipa yaishe

Haiishi. Anayelipa leo anadaiwa tena wiki ijayo, na bei inapanda. Usifute chochote, piga picha ya skrini ya vitisho vyote na namba zake, nenda polisi. Ukiona aibu kueleza kaunta, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kusambaza picha za namna hiyo mtandaoni.

Wanasema: huko hakuna mtu wa kweli

Watafiti wa Marekani walikuta kwamba kati ya wapenzi wa jinsia tofauti waliokutana mwaka 2017, karibu 39 kwa kila 100 walikutania mtandaoni. Hiyo ni Marekani. Ya hapa mimi nina dirisha langu tu.

Mwezi uliopita alikuja binti na elfu ishirini iliyokunjwa, na namba ya mtu wa Arusha. Alitumiwa nauli bila kuomba, akasema, na Jumamosi atapanda gari kwa hela yake. Nikamsomea jina. Akatabasamu, ndilo lenyewe.

"Mrudishie, dada. Weka na ya kutolea."